Kioo Nilichomsugulia Ami

Jumamosi, 12 Januari 1957

Nimezunguka pipa tangu alasiri, nikisugua. Kioo juu ya kioo, unga wa msasa na maji katikati. Cha juu kinabonyea polepole. Ndicho kitakachokuwa kioo cha darubini. Mikono inawaka.

Nilimaliza shule mwezi uliopita. Ami Salim, anayetulea tangu baba afariki, amenikataza chuo cha ualimu. "Mtoto wa kike ataona nini huko ambacho mimi sijakiona?"

Kila mwezi mwandamo yeye huwa wa kwanza kuuona. Mtaa mzima unamwamini. Mara ya mwisho palikuwa na wingu zito. Akauona vivyo hivyo.

Nitamfedhehesha.

Ijumaa, 15 Februari

Mama amekung'uta mkeka karibu na pipa. Punje moja ya mchanga, mkwaruzo toka ukingo hadi ukingo. Naanza upya. Nimelia.

Ami alicheka. "Bi Nyota! Mume utampikia, au utamsugulia kioo?"

Namchukia.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi wa vioo wa Darajani amekipaka fedha. Bomba nimelitengeneza kwa mbao za makasha ya chai. Nimeona milima ya mwezi!

Majirani wamesifu. Sasa Ami anaiita "darubini yangu".

Jumapili, 31 Machi

Mwezi ishirini na tisa Shaabani. Magharibi, mbingu nyeupe pe. Nilitafuta kwa darubini mpaka macho yakauma. Hakuna mwezi. Kisha nikafunika kioo kilicho chini ndani ya bomba kwa kitambaa cheusi, nikasimama kwenye mlango wa paa na buibui langu.

Ami akapanda paani na majirani. Akainama, akatazama.

"Huyo! Kama ukucha! Kesho tunafunga."

Nikasogea. "Ami, kioo nimekifunika."

Jirani mmoja akaingiza mkono bombani, akatoa kitambaa. "Lahaula! Bwana Salim, mwezi umeuona gizani?"

Wakacheka mpaka barazani.

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 1 Aprili

Mwezi umeandama. Mwembamba, wazi, bila darubini. Mama kauona. Mimi nimeuona.

Ami alikuwa juu peke yake, ameelekea magharibi.

"Ushatoka, mwanangu?"

Nikamtazama machoni. Kila mboni ina ukungu mweupe. Sijui tangu lini.

Ningeweza kumshika kidevu nikamwelekeza.

"Tazama, Ami," nilimwambia, nikashuka.

Nimekuna nazi ya daku. Yeye bado yuko juu.