Mama Mkwe, Kisiagi na Programu ya Siku Nzima

Mpendwa Mama Mkwe,

Wakazi wa Zombe, Kanyangi, Kalamba na popote barua hii itakapobandikwa wanatangaziwa rasmi kwamba Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mimi mkweo nilikataa kushangaa. Karani mmoja hapa Kalamba alinionyesha kompyuta mpya ambayo unaiwekea programu kwa kubonyeza kitufe mara moja, kisha unaenda kunywa chai. Akasimama pale akingoja nishangae. Nikamuuliza kama hiyo chai ina maziwa.

Wewe ungenielewa. Hukuwahi kununua unga wa pakiti maisha yako yote. Ulisema unga ambao hujui mahindi yake ni wa watu wasio na kwao.

Najua kukuandikia moja kwa moja hivi ni kukosa adabu. Kwa miaka kumi na mmoja tangu nimwoe Syombua wako, mimi na wewe hatukuwahi kukaa chumba kimoja. Ulikuwa ukinisikia nakohoa njiani, unaingia kichakani upande wako. Nami nikiona leso yako kwa mbali, naingia upande wangu, na njia tunawaachia mbuzi. Pasta alipotangaza kanisani kwamba kukwepana kwa wakwe kumepitwa na wakati, ulisema, "Basi pasta atangulie yeye akakae na mama mkwe wake." Hilo likaisha. Maneno yako kwangu yalipitia kwa Syombua, na kama hayupo, kwa kuku. "Wewe kuku, hebu muulize huyo mtu wa mashine kama amekula." Nami nilikuwa namjibu kuku kwa heshima zote.

Basi leo hakuna kuku. Wenye kukasirika wakasirike.

Unakumbuka ile kompyuta ya chuo cha ufundi pale sokoni Zombe. Wafadhili waliileta ikiwa imechoka kama punda wa maji, na mimi, fundi wa redio, nikapewa darasa kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Wasichana kumi na wawili walikuwa wanajifunzia hapo. Kisha kamati ya chuo ikasema: Ijumaa tunakuja, na kama hiyo mashine haitachapa hata barua moja kwenye karatasi, inapelekwa mjini na darasa linafungwa.

Printa ilikuwepo, ile ya zamani inayopiga kelele kama mtu anayepasua bati. Kilichokosekana ni programu ya kuifanya izungumze na kompyuta. Kwenye diski niliyokuwa nayo, programu hiyo haikuwa tayari. Zilikuwepo tu zile faili za asili, mamia kwa mamia, kama alivyoziandika aliyeiunda. Unaandika amri moja, make, na kompyuta inazichukua moja moja, inazisaga, mwishoni inaziunganisha ziwe programu. Kwa kompyuta mpya ni kazi ya muda mfupi. Kwa ile yetu ilikuwa kazi ya kutwa.

Na umeme wetu, mama, ulikuwa unatoka kwa Mzee Mutiso. Injini ya kisiagi chake, ile mashine ya kusaga unga, ndiyo iliyozungusha dainamo, na waya ukapita juu ya ukuta wa mbao ukaja kwetu. Mahindi yakiisha, injini inazimwa. Na mahindi yalikuwa yakiisha saa sita mchana.

Jumatatu nilianza saa mbili asubuhi. Saa sita, giza kwenye kioo. Jumanne nikafuta kazi yote ya jana nikaanza upya, maana niliamini jambo hili ni kama ugali: moto ukizimika katikati, huwezi kurudi kesho uendelee kusonga. Saa sita, giza tena. Jumatano vilevile. Nikamwendea Mzee Mutiso nikamwomba aache injini iendelee mchana kucha.

"Isage nini?"

"Isizimwe tu, mzee."

"Kijana, mimi sisagi hewa."

Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, naye akaongeza lake. "Hiyo kitu peleka mjini. Huko kuna watu wameisomea."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Syombua. Sikumtuma kwako. Alikwenda mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nikaona kundi lenu la mwethya linashuka sokoni. Siku zote nyinyi mlikuwa mnakwenda kwa zamu kwenye mashamba ya kila mmoja kuchimba matuta, majembe begani. Siku ile hakukuwa na jembe hata moja. Kila mwanamke alikuwa na debe la mahindi kichwani. Ukasimama mlangoni kwa Mutiso, mgongo ukinielekea mimi kwa adabu, ukaanza kuwapanga.

"Wewe ngoja. Mwenzako hajamaliza."

"Lakini mimi nina watoto nyumbani!"

"Hata hiyo mashine huko ndani ni mtoto. Mwaga polepole. Nani amekuambia kuna mashindano?"

Saa sita ikapita. Saa saba, saa nane. Kila debe likimwagwa, kioo changu kilififia kidogo kisha kikarudi, na mistari ikaendelea kupanda. Saa tisa mwanamke wa mwisho akajitwisha unga wake. Nikasikia sauti yako nyuma ya mbao.

"Ukuta, hebu muulize huyo mtu kama bado."

"Ukuta, mwambie mama bado. Imebaki saa moja hivi. Labda na nusu."

Nikamsikia Mutiso akisema anakupa dakika chache tu, mafuta ya injini hayachotwi kisimani. Ukaondoka. Nyumba yako ilikuwa nyuma ya soko, hukukawia kurudi na debe lako.

"Mama Syombua," Mutiso akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Hii ina majivu. Hii ni mbegu."

"Nimeipepeta. Saga."

"Mvua ni wiki ijayo."

"Mutiso, nimekuuliza habari ya mvua?"

Yalikuwa yale mahindi ya mbegu uliyoyapaka majivu ukayatundika juu ya meko tangu mavuno, yakala moshi hata wadudu wakayaogopa. Yalisagwa yote. Saa kumi na nusu programu ikakamilika, printa ikapiga kelele, na karatasi ikatoka. Ijumaa mwenyekiti aliisoma ile barua mara mbili, akainama kutazama nyuma ya printa kama kuna mtu amejificha. Kompyuta ilibaki Zombe. Wasichana walimaliza, na wawili kati yao leo wanafundisha wengine.

Wewe ulingoja mbegu kutoka kwa dada yako Kanyangi, ukapanda watu wakiwa tayari wanapalilia. Msimu ule ulivuna kikapu kimoja. Hukusema neno. Hata kwa kuku.

Mwaka jana tulipokuzika nilisimama karibu nawe kuliko siku yoyote ya uhai wako, na bado nilitazama pembeni. Nimechoka kutazama pembeni. Wanaosema nilipoteza muda kuunda kwa mikono kitu ambacho mjini kilikuwa tayari, na waseme. Wanaosema wanawake wa Zombe walidanganywa na fundi wa redio, na waje waniambie usoni, nipo Kalamba, mlango hauna kufuli. Mpaka leo kila programu ninayoitumia naiunda mwenyewe kutoka faili zake za asili, na sitaacha. Unga naujua mahindi yake.

Lala salama, mama. Syombua anakusalimu, na watoto wamekula.

Limebaki moja, na ni haki yako kulisikia kwangu. Juzi nilisoma ukurasa wa maelekezo ambao miaka ile niliuruka. Umeme ukikatika, kesho yake hufuti kitu. Unaandika tena make, nayo inaendelea pale ilipoachia.

Mkweo