Kosa la Kumwamkia Mzee

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo sina zamu, nimekaa kitako nikuamkie vizuri. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua niliyoituma unaitumia, au umeshaigawa kwa majirani? Nakujua. Mie ni mzima, alhamdulillah, ila pua haikauki kwa baridi.

Ile kazi mpya niliyokwambia ni ya kuandaa chai kwenye klabu ya waungwana. Usishtuke, si klabu ya muziki. Ni jumba la zamani la wanaume watupu, wanakaa kwenye makochi ya ngozi na magazeti yao, wamewakimbia wake zao. Mwanamke haruhusiwi kuwa mwanachama, na sisi watumishi wa kike tunapanda ngazi za nyuma. Historia yake napewa na mtunza stoo, Mzee Gurdev, Singasinga wa Nairobi anayekaa Southall, mtaa wa Wahindi.

"Dada Zuhura, hii nyumba ilianza kama duka ya kahawa," aliniambia. "Wazee walikuwa wanapiga domo hapa na kila mtu. Halafu wakaona watu wamekuwa wengi sana, wakafunga mlango. Sasa hata wao kwa wao hawaongei!"

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli, kuna chumba cha kusomea ambamo ni marufuku kutamka neno. Sasa mama, umenilea vipi wewe? Nimpite mzee wa miaka themanini asubuhi kama napita kabati? Nilishindwa. Kila nikiweka chai nanong'ona, "Umeamkaje, bwana? Umelala salama?" Wengi waliitikia kwa kichwa. Mmoja, jaji mstaafu mwenye nyusi nene, akaandika kwenye kitabu cha malalamiko kwamba mhudumu mpya anavunja kimya kilichowekwa tangu enzi za babu zao.

Nami nilikuwa bado kwenye majaribio, zimebaki siku nne. Niliogopa, mama. Nilishajiona narudi kufagia uwanja wa mpira Wembley kwenye mvua. Katibu wa klabu akaniita ofisini. Akanigeuzia kile kitabu nisome. Chini ya maneno ya jaji, wenzake kadhaa walikuwa wameandika. Mmoja aliandika: "Tangu mke wangu afariki, huyu peke yake ndiye anayeniuliza nimelalaje. Akiondoka, nami naondoka."

Viongozi wa klabu wakaamua chumba kibaki kimya, ila mie niajiriwe moja kwa moja na niwekwe mlango mkubwa kupokea watu. Mwanamke hajapata kusimama pale tangu jumba lijengwe. Gurdev alileta jalebi boksi zima, tukala stoo mpaka vidole vikanata.

Jumatatu nikasimama na koti langu la vifungo vya shaba. Jaji akaja. Sikuthubutu kumwamkia, nikamfungulia mlango tu. Akapita, akafika kwenye ngazi, akarudi akasimama mbele yangu na fimbo yake.

"Na mimi je?" akasema. "Huniulizi?"

Nikamuuliza. Alianza na mgongo, akaja kwenye usingizi, akamalizia kwa binti yake aliye Australia. Wenzake nyuma yake walingoja kwenye manyunyu, na hakuna aliyemkatiza.

Nisalimie mdogo wangu Fatma, kaka Hamadi na wifi yangu, na shangazi hapo Wete, mwambie nakula vizuri. Niombee dua.

Mwanao, bawabu wa mlango mkubwa,
Zuhura