Ng'ombe Wasiohesabiwa

Dirma, Hanang

Kwa kaka yangu Gidabuday,

Shikamoo kaka. Habari za huko Kilwa, habari za shemeji na watoto, na mbung'o bado wanasumbua ng'ombe? Sisi huku wazima. Mama kidonda kimepona, anatembea mpaka kisimani na kugombana na kila anayemkuta njiani. Baba mzima. Mvua imenyesha kidogo, majani yapo.

Najua sasa hivi unanitafuta nyuma ya lori. Sipo. Mitamba wako, niliotakiwa kuja nao, wameletwa na Bonaventura, mtoto wa jirani yetu Mzee Nikolausi, ndiye huyo aliyekukabidhi barua. Usimkaripie, mpe chai kwanza. Uliniita nije nikae huko nichunge na wewe, na mimi niliitikia. Naomba usome mpaka mwisho. Kwenye simu nisingeweza, maana ukipatikana uko mnadani na watu, nikianza kueleza unasema mtandao mbaya.

Kaka, nimetengeneza gemu. Si kucheza, kutengeneza. Lilianzia Haydom mama alipolazwa. Kutwa nakaa nje nasubiri saa ya kuona wagonjwa, simu inaisha chaji, naipeleka kwa fundi simu mmoja anaitwa Akonaay. Aliniuliza Mmang'ati mchunga ng'ombe na simu wapi na wapi. Nikamwambia na yeye Mmbulu aache simu za watu akalime vitunguu. Tukawa marafiki. Ana laptop mbovu, skrini imepasuka upande na herufi nyingine hazibonyezeki, akaniachia. Nikaanza kuangalia video za kuprogramu. Kiingereza chao kinakimbia, narudisha nyuma, narudisha tena, naandika kama wao bila kuelewa. Kompyuta inakataa. Nabadilisha kitu kimoja, inakataa kwa maneno mengine, nafurahi, maana angalau nimeisogeza. Ng'ombe wangu wa kwanza alitembea kinyumenyume akapenya ukuta wa boma. Wa pili alipaa. Akonaay akasema huyo hata wezi hawamuwezi.

Mama alipotoka sikuacha. Kila akirudi kusafishwa kidonda, mimi ndiye wa kumsindikiza, mpaka Baba akasema sijawahi kumpenda mama yangu hivi.

Gemu lenyewe ni kuchunga. Kuna fisi, kuna mashamba ya ngano usiyotakiwa kuingia, jioni unawarudisha bomani. Juu ya skrini niliweka namba ya ng'ombe waliobaki, kama magemu yote. Nikampa Baba acheze. Akaiona ile namba, akaiweka simu kwenye kigoda taratibu kama kitu cha moto. Akauliza nani kanifundisha kuhesabu ng'ombe wa watu hadharani, kwani nataka waishe? Nikasema ni wa kwenye simu tu. Akasema basi wataanza kuisha wa kwenye simu. Mama akamuunga mkono, na wale hawaungani mkono kwa lolote.

Nilikasirika, nikaenda kuchunga nimenuna. Huko huko nikakukumbuka wewe. Ukisimama mlangoni jioni huhesabu. Unaangalia tu, unasema yule mwenye baka shavuni hayupo. Niliporudi nikaifuta namba. Kila ng'ombe nikampa rangi yake, pembe zake, mwendo wake, na jioni mchezaji anasimama mlangoni, anasema nani hayupo. Kaka, hapo ndipo likawa gemu kweli. Nikamwambia Baba ukweli kwamba simu yenyewe ndani bado inahesabu, haina namna. Akafikiri, akasema ihesabu tumboni mwake, isitamke. Sasa anacheza kuliko mimi. Amenigombeza kwamba ng'ombe wangu mwekundu anageuka kama gari, ng'ombe huanza na shingo. Nimerekebisha.

Akonaay akalituma kwa vijana fulani Arusha wanaotengeneza magemu. Wakanipigia. Wanataka nikalimalizie kwao, tufanye kazi pamoja, wananisubiri mwezi ujao. Tangu hapo situlii. Nachunga huku kichwani natembeza ng'ombe wengine. Juzi wa kweli waliingia kwenye mahindi ya mama Scolastica, mimi namfikiria fisi wa kwenye simu. Alinitukana vizuri.

Sasa, kaka, kilichonifanya niandike. Nilimwomba Baba niende Arusha. Akasema yeye hakatai, lakini wewe ndiye uliyeniita, na aliyeitwa na kaka yake hashiki njia nyingine mpaka kaka amwachie. Akaniuliza umesemaje.

Nikajibu umekubali.

Ilitoka yenyewe. Baba alifurahi, akasema una moyo mpana. Akachukua siagi, akanipaka kichwani, akanibariki. Nilikaa chini yake nimeinama, siwezi kuinua macho. Baraka hiyo ninayo, na imesimama juu ya neno ambalo hukulisema.

Siku ya mnada atakwenda Basotu, atakupigia. Hatakuuliza kitu. Atakushukuru.

Sikuombi udanganye. Nakuomba ukubali sasa hivi, karatasi ikiwa bado mkononi, ili akipiga uwe umekubali kweli. Ukishindwa mwambie ukweli, na mimi nitapanda lori linalofuata, nitachunga, hutanisikia nikilalamika.

Msalimie shemeji Doris na watoto wote. Mama anasema mlale ndani ya chandarua.

Mdogo wako anayesubiri,
Gidamis