Niliyowaambia Watu wa Filamu

Kaka Idrisa,

Mungu akuweke pema. Filamu waliyotengeneza kuhusu kifo chako ilionyeshwa Jumanne iliyopita. Niliitazama hapa kwangu ughaibuni, mtaa wa Hodge Hill, kwenye televisheni yetu ya kukodi.

Walikuja wawili mwezi wa Februari, mwongozaji na mpiga picha. Niliwapikia chai ya tangawizi. Niliwaeleza kwamba ulikuwa mkemia wa serikali, kwamba wakati wa vita ulipewa kazi ya kupima nyama ya makopo waliyopelekewa askari, na kwamba ulianguka kutoka dirisha la maabara, ghorofa ya tatu. Hayo walishayajua. Ndipo mwongozaji akaniuliza, kwa upole, kama siku zako za mwisho ulikuwa mtu wa huzuni.

Kaka, nilimfikiria mama, yuko kule nyumbani peke yake, watu wa serikali wasije wakamsumbua. Nikajibu, "Alikuwa na mawazo mengi."

Basi. Wameyaweka maneno hayo mwishoni kabisa, baada ya ofisa mmoja kusema ulijirusha. Kesho yake Wanjiru, muuguzi mwenzangu kutoka Kenya, alinishika mkono wodini, akasema kujiua nako ni ugonjwa, nisione aibu. Na binti yangu Rukia, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akataka kujua mjomba alikuwa na huzuni gani. Wewe! Uliyekuja hapa mara moja tu, ukamfundisha kupiga mluzi mpaka jirani akatugongea ukuta.

Barua yako ninayo, kaka. Hata watu wa filamu sikuwaonyesha. Uliniandikia kwamba nyama ile imeoza, askari wanakufa kwa kuhara kabla hawajamwona adui, na wakubwa wanataka uweke sahihi kwamba ni salama. "Nimewakatalia, Zuhura. Wamenipa mpaka Ijumaa."

Nami nilikujibu nini? "Weka sahihi, kaka. Una watoto."

Sijui kama jibu langu lilikuwahi. Naomba liwe halikukuwahi. Nisingependa uwe uliondoka na maneno yale.

Ijumaa, siku tatu baada ya filamu, nilimpigia mama simu, dukani kwa jirani yake. Nilimweleza yote. Naye akasema, "Sema, mwanangu. Nani alikwambia mimi naogopa?"

Miaka yote hii nilimsingizia yeye woga wangu.

Jumamosi nikapanda basi hadi ofisini kwa mwongozaji na barua yako, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema filamu imeshatoka, haiwezi kubadilishwa, lakini aliwasha kamera, nikaisoma barua yako, kisha nikasema nilivyokujibu. Kama itaonyeshwa, hajui.

Sijui nani alikusukuma. Najua hukujirusha.

Agosti nina likizo. Nakuahidi, nitakwenda nyumbani niwakalishe wanao, niwaambie kwa mdomo wangu, kabla hawajasikia kwa watu, kwamba shangazi yao alimwomba baba yao akubali, na baba yao hakukubali. Wakinichukia, wana haki. Lakini watajua wao ni watoto wa nani.

Pumzika, kaka yangu.

Dada yako,
Zuhura