Bureti Inayojijaza

Jumatatu, 3 Machi
Zamu yetu ya maabara imeahirishwa tena. Bureti nne, ile mirija mirefu ya kioo ya kupimia, kwa wanafunzi sitini wa mwaka wa kwanza wa ualimu. Kwa hivyo kemia bado ni kwenye programu ya simu. Leo nimepima asidi mara kumi na moja. Kioo cha simu kina ufa, lakini rangi inaonekana ikibadilika. Zote sahihi.

Mtihani ni Jumatano ya wiki ijayo, kwa vifaa vyenyewe. Nikifeli siingii mwaka wa pili.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi jikoni. Mama akachungulia simu. "Ati hiyo ndiyo maabara? Na ikimwagika utapangusa na nini?"

Nilicheka. Moyoni sikucheka. Haijawahi kumwagika.

Ijumaa, 7 Machi
Hatimaye zamu yetu, jaribio la maabara. Mara yangu ya kwanza kushika bureti. Baridi, ndefu kuliko nilivyodhani. Nilipima mara tatu na majibu yote yalipishana mbali.

Mhadhiri alisoma karatasi, kisha jina langu. "Si wewe ndiye hupata zote kwa simu?"

Nina aibu. Nina hasira pia, sijui kwa nani.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimwendea Bi. Muthoni, mtunza maabara. Alinipa maji na bureti iliyovunjika mdomo. Alinitazama nikimimina, mpaka nilipoinama kusoma kipimo.

"Na hii faneli umeachia nani, msichana?"

Ilikuwa bado juu ya bureti, ikidondosha. Kila tone liliharibu kipimo changu. Kwenye simu bureti hujijaza yenyewe. Hakuna faneli. Miezi yote hii sikuwahi kumimina chochote.

Alinirudisha mwanzo hadi saa ya chakula ikapita. Jaza. Toa faneli. Soma.

Jumatano, 12 Machi
Nilijaza. Nikatoa faneli. Nikasoma.

Rangi ya waridi ilipotea kwa tone moja tu. Majibu mawili yalilingana. La tatu lilipishana kidogo. Ningeweza kulirekebisha, hakuna aliyekuwa akinitazama. Nililiandika lilivyo.

Alhamisi, 13 Machi
Matokeo bado. Mvua hapa kwetu Wamagana tangu asubuhi. Naomba, kisha nasahau, kisha naomba tena.

Jioni Mama alikuwa akimimina maziwa kwa faneli kwenye chupa ya jirani. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukatoa faneli.

"Wewe! Sijamaliza!"

Maziwa yakatapakaa mezani. Nikachukua kitambaa, nikapangusa.