Ukuta wa Tangi Uliosuguliwa

Nyumba ya Mtunza Tangi,
Barabara ya Chemchemi.
Jumatano, tarehe tisa.

Mpendwa wifi,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali. Goti lako linaendeleaje? Siku ya mazishi nilikuona unauburuta mguu, nikakosa nafasi ya kukuuliza. Mimi nakula, nalala, naamka. Kikombe cha kaka yako bado nakiosha kila asubuhi, ingawa hakina wa kukichafua.

Unawakumbuka wale vyura wake, wadogo kama ukucha wa kidole gumba? Mtafiti mmoja alimwambia hawapatikani popote ila kisiwani kwetu, na kisiwani kwetu hawapo ila katika bonde hili. Kaka yako aliacha tu utando wa kijani uote kwenye ukuta wa tangi, pale linapovuja, nao wakawa wanataga humo. Miaka kumi na tisa hakuugusa kwa brashi.

Wifi, ukuta umesuguliwa. Jumamosi wanawake wa mtaa walikuja kunisaidia usafi. Mimi nilikuwa ndani nakunja mashati yake. Nilipotoka, nikamkuta Mama Cherehani, yule fundi wetu wa nguo, ana brashi na sabuni ya unga, amelowa mpaka magotini.

“Shoga, tangi lilikuwa linatia aibu,” akaniambia. “Marehemu naye kwa uvivu, jamani. Tumemsitiri.”

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, mara ya kwanza tangu msiba. Nikawashukuru, nikawapa na chai. Povu lilikuwa linatiririka mtaroni na sikusema neno.

Tangu siku hiyo nainama pale asubuhi na jioni. Upande wa mbele hakuna kitu. Upande wa nyuma, ambao hawakuufikia, nimeona wawili, labda watatu. Macho yangu unayajua. Zamani nilikuwa nikifika arobaini naacha kuhesabu.

Wewe ulikuwa naye alipowaona mara ya kwanza. Je, aliwahi kukuambia kama utando ukiota tena vyura nao hurudi? Mimi alinieleza mara nyingi nikiwa jikoni, nikawa naitikia “eeh” tu huku nakoroga chungu. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Kinachoninyima raha ni Jumamosi hii. Wameahidi kurudi kumalizia upande wa nyuma, na Mama Cherehani ameshanunua brashi mpya. Nikimkataza atauliza kwa nini, na nikimjibu atajua alichofanya. Huyu ndiye aliyenishika mkono kaburini, wifi.

Lakini siwezi kunyamaza mara ya pili. Ijumaa nitakwenda kwake nimweleze yote, kisha nimwombe aje tuwatafute pamoja, maana yeye hutia uzi kwenye sindano bila miwani. Naogopa asije akaninunia. Naogopa zaidi tusiwaone.

Nisalimie shemeji na watoto, na yule mkwe wako mcheshi. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Wako akupendaye daima,
Wifi yako wa bondeni.