Yakub Amebomoa Aqal ya Mama

Roda, wallahi nina hasira!

Kaka yangu Yakub amebomoa aqal ya mama. AMEBOMOA! Eti wanunuzi wanakuja kuona nyumba yetu ya mawe, na kile kibanda cha mikeka uani kitamtia aibu.

Kibanda! Zile fito mama alitoka nazo Griftu mwaka wa tisini na mbili, ukame ulipomaliza ngamia. Mikeka alisukiwa na nyanya akiolewa. Tangu lini mwanamume akagusa aqal ya mwanamke? Hushushwa na mwenyewe, akihama au akiachwa na mume.

Mimi nilikuwa sokoni. Kurudi, nakuta ua umefagiwa, maua ya plastiki mlangoni, na fito zimevunjwavunjwa kando ya jiko. Kuni, Roda! Amezifanya kuni!

Na mama ameketi juani kwenye jerikeni.

Sasa mnunuzi akaingia, mzee wa Habaswein. Nyumba hata hakuitazama. Aliziangalia zile fito, akamuuliza Yakub, "Nani amepewa talaka hapa?"

Yakub akageuka kupanga maua yake ya plastiki.

Mama ndiye aliyejibu. "Ni mimi. Nimepewa na mwanangu."